Tupeane uzoefu: je, ni "mageuzi" au "mageuko"?

Mwanzisha mada, Nakuru

Wapendwa, hamjambo. Mimi hufundisha Kiswahili, na kuna sahihisho moja linalonisumbua hadi leo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliandika insha kuhusu "mageuzi ya Ziwa Nakuru", nami nikaikata ile *zi* kwa kalamu nyekundu, nikaandika *ko* juu yake. Nilimweleza kwamba mageuko hutokana na kugeuka, yaani kitu kubadilika chenyewe taratibu, ndiyo maana husemwa mageuko ya viumbe. Ilhali mageuzi hutokana na kugeuza, na ni lazima awepo mgeuzaji, kama waliodai mageuzi ya kisiasa hadi kifungu cha 2A cha Katiba ya Kenya, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, kikafutwa mwaka 1991. Mapinduzi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hayasubiri.

Ziwa lenyewe nimeliona likigeuka. Tangu mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda: yalilowesha nyasi za ukingoni, yakazunguka mashina ya migunga, migunga ikakauka ikiwa imesimama majini huku magome yakibanduka, na hatimaye lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa. Maji ya mvua yalipozimua magadi, mwani unaoliwa na heroe ulipungua, na wengi wao wakahamia Bogoria. Siwezi kutaja siku hata moja na kusema kwamba ndiyo siku ziwa lilipobadilika.

Lakini mwanafunzi yule, ambaye kwao ni Njoro, aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, kwani miti ya Mau ilijikata?" Mto Njoro hutoka Mau na kuingia ziwani, na msitu ukifyekwa maji hushuka kwa kasi pamoja na udongo. Sikuwa na jibu. Nyinyi mmekutana wapi na jambo hili?

Mchangiaji, Vihiga

Mwalimu, kwetu neno ni mmomonyoko. Shamba la marehemu baba liko mteremkoni, na mwembe tuliocheza chini yake sasa una mizizi iliyo nje kiasi kwamba mtoto anaweza kupitisha mkono chini yake. Tunasema udongo umemomonyoka, na ukilitamka neno hilo polepole unasikia punje zikidondoka. Ukweli ni kwamba tuling'oa nyasi za matuta tukalima kuelekea bondeni, kwa hiyo sisi ndio tulioumomonyoa.

Mchangiaji, Kisumu

Nasi husema gugumaji limeenea, kana kwamba halilishwi na majitaka na mbolea tunazoziacha ziingie Ziwa Victoria.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Mvua ndiyo sababu kubwa ya kupanda kwa maji, kwa hiyo katika aya yake ya kwanza nitaiacha *ko*. Katika aya ya Mau, nitamrudishia *zi* yake pamoja na alama niliyomkata.