Naomba ushauri: pikipiki ya silinda mbili inamisi kwenye sailensa

Wakuu habari, naomba msaada kwa wanaozijua injini za silinda mbili. Pikipiki yangu ni ya cc 250, kabureta mbili, koili moja inayolisha plagi zote. Ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma tu bila kuvuta mafuta) inatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, wakati mwingine inazima. Nikivuta mafuta kupita mizunguko 3,000 kwa dakika inatulia kabisa, na nguvu ipo.

Baada ya kuiwasha nikadondoshea maji kwenye mabomba ya moshi karibu na kichwa cha injini. La kulia maji yalichemka papo hapo; la kushoto yalitiririka tu. Plagi ya kushoto ni kavu, nyeupe. Nimebadilishana plagi na waya zake, tatizo likabaki kushoto. Ila nikivuta choki (inayoongeza mafuta) kidogo, silinda hiyo inaamka.

Fundi anataka tufungue injini tubadilishe ringi za pistoni. Mimi sikubali, maana kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) tumepima na pande zote ziko sawa. Kwa dalili hizi nahisi jeti ndogo ya sailensa (kitundu cha mafuta ndani ya kabureta) imeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka unavuta hewa.

Nianze na kipi? Na je, nipime nafasi za vali kabla ya kusawazisha kabureta? Geji za vakyumu (za kupima mvuto wa hewa) sina. Kuna aliyetumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye oili, kulinganisha mvuto wa pande mbili? Naomba anielekeze alivyoufunga ili oili isinyonywe kwenye injini.