Nimetakiwa laki sita nifungue tawi la kuku Malindi. Serikali huwakagua watu hawa?

BintiBarani
Asalaam aleikum jamani. Kuna kampuni ya kuku wa kukaanga ina maduka Mombasa, yataka nifungue tawi lao hapa Malindi. Kiingilio laki sita, kisha asilimia 6 ya mauzo kila mwezi, na kuku, viungo na vifuko vyote ninunue kwao. Mkataba wameniletea juzi, sahihi waitaka kabla ya Ijumaa. Je, kuna ofisi inayowasimamia? Na mkopo wa serikali upo?

Maweni_Boy
Dada chukua, jina lishajiuza. Leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wapishi, umemaliza. Mkopo wa Hustler Fund wa mtu binafsi mwisho wake elfu hamsini, hautoshi hata friji na majiko.

NahodhaLangoni
Binti yangu, Ijumaa hiyo iache ipite.

Kenya hatuna sheria ya franchaizi yenyewe, yaani biashara hii ya kulipia jina la mwingine. Hakuna msajili wao, wala anayewalazimisha kukuonyesha hesabu za matawi mengine. Wanabanwa na sheria ya mikataba kama mtu yeyote, Sheria ya Alama za Biashara na ile ya Ushindani ya 2010. Kwa hivyo karatasi uliyoletewa ndiyo itakayokuhukumu.

Mimi nimetoka Lamu nikafanya kazi miaka Malaysia, kwenye duka la aina hiyo. Kule sheria ipo tangu 1998: kampuni husajiliwa kwanza ndipo iuze jina, mkataba haupungui miaka mitano, na ukishatia sahihi una angalau siku saba za kazi za kughairi. Afrika Kusini hupewa waraka wa maelezo siku 14 kabla ya sahihi. Hapa hupewi, basi yadai mwenyewe, yaandikwe.

Sasa hiyo asilimia 6. Ni ya mauzo, si ya faida! Mwezi wa tano masika yamekaza, watalii wa Kitaliano wamekwenda zao, umeuza laki tatu: elfu kumi na nane ni zao, hata kama kodi ya nyumba na stima vimekula kilichobaki. Na kwenye bei ya kuku washapata chao, wanakula pande mbili. Waambie kuanzia Aprili hadi Juni kiwango kishuke, na kuku ukimpata Malindi wa ubora uleule kwa bei nafuu uruhusiwe kununua.

Mipaka pia. Jamaa yangu aliuza vizuri, wenye jina wakamfungulia mwenziwe mtaa wa pili, na mkataba ulikuwa kimya. Andikeni kuwa kati ya Watamu na Mambrui ni wewe peke yako.

Na hiyo asilimia 6, ndiyo mrabaha, KRA, mamlaka ya kodi, yataka wewe mlipaji ukate asilimia 5 yake uipeleke kwao. Wengi hawaambiwi.

BintiBarani
Ahsante sana mzee. Na jina lenyewe nitajuaje ni lao?

NahodhaLangoni
Taasisi ya serikali, KIPI, ndiyo husajili alama za biashara, kwa miaka 10, kisha huhuishwa. Waombe nambari ya usajili, ukaithibitishe KIPI.

BintiBarani
Nimewaandikia saa hii. Wamejibu, "Iko kwa wakili."

Maweni_Boy
Aah. Hapo hata mimi nimerudi nyuma.

NahodhaLangoni
Nambari hutumwa kwa simu, mwanangu. Wakiituma, niandikie tuupitie mkataba kifungu kwa kifungu. Pesa usiitoe benki.