Redio za kurusha intaneti kilomita 9 hadi shambani, naombeni ushauri

Mkulima_Moro: Wakuu, habari za majukumu. Nyumbani Morogoro nina faiba, ila shambani, upande wa barabara ya Dar, mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Kwenye ramani ni kilomita 9 kwa mstari ulionyooka. Nataka kamera nne za bandani na WhatsApp ya kijana anayekaa kule. Muuzaji anasema nichukue jozi ya redio za NanoStation M5, eti inafika kilomita 15 na zaidi, 9 ni mchezo. Katikati kuna miembe. Nimwamini?

FundiMnara: Mkuu, hizo 15 ni pale antena zinapoonana bila kizuizi, tena kwa kasi utakayoinung'unikia. Masafa ya redio hizi, gigahezi 5.8, kwa kilomita 9 yanapoteza kama desibeli 127 hewani (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kupanda au kushuka). NanoStation M5 ina antena ya dBi 16 (yaani desibeli inazoongeza kwa kukusanya mawimbi upande mmoja), dishi la LiteBeam 5AC Gen2 lina 23. Ukifunga dishi pande zote mbili umeongeza desibeli 14, yaani nguvu inayopokelewa ni mara 25 hivi. Chukua dishi. Kulilenga tu ndiko kunataka subira, mwale wake ni mwembamba.

Techie255: Mimi ningeenda na redio za masafa ya gigahezi 60, unapata kasi ya gigabiti.

FundiMnara: Kwa kilomita 9? Masafa hayo oksijeni yenyewe inayameza, kama desibeli 15 kila kilomita. Bado hujaweka mvua za masika. Hizo ni za jirani kwa jirani.

MamaKuku: Na miembe? Mbona mmeiruka? Mimi nilidhani ukiona taa ya upande wa pili usiku inatosha.

FundiMnara: Haitoshi, dada. Mawimbi yanatanuka njiani kama tango, ncha nyembamba, katikati nene. Kwa umbali huu, kutoka mstari wa kati hadi ukingo ni karibu mita 11, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, mita 6 na nusu. Mpinde wa dunia unakula mita 1 na ushee. Mwembe wa mita 12 ukiwa katikati, mstari upite mita 20 juu ya ardhi. Mkulima, nyumba iko bondeni au mlimani?

Mkulima_Moro: Bigwa, kwenye mwinuko wa Uluguru, ghorofa moja. Shambani natumia sola.

FundiMnara: Mwinuko huo umekuokolea hela ya mlingoti. Sola inaweza, LiteBeam haizidi wati 7. Inakula volti 24 kupitia waya uleule wa mtandao, kwa hiyo usiichomeke moja kwa moja kwenye betri ya 12. Nunua waya wa nje wenye ngao, na kinga ya radi na ethi pande zote mbili. Hapo usibane matumizi.

Mkulima_Moro: Nitajuaje kama zinaonana kabla sijalipa?

FundiMnara: Wewe panda paani, kijana asimame na kioo pale antena itakapokaa, akuakisie jua. Afanye saa kumi alasiri, jua likiwa upande wa mji. Asubuhi litakuwa mgongoni kwake.