Naomba ushauri: video ya Idi, mkanda wa VHS na klipu za simu

Wakuu, salaam. Natengeneza video ya Idi ya dakika 6: picha za utotoni kwenye mkanda wa VHS (nguo mpya, mkono wa Idi, bembea za Mnazi Mmoja, Unguja) nachanganya na klipu za simu. Mkanda ni PAL (mfumo wa TV wa zamani), fremu (picha mojamoja) 25 kwa sekunde. Simu imerekodi 30.

Mradi kwenye programu ya kuhariri nikiuweka 25, klipu za simu zinarukaruka kamera ikizunguka. Nikiuweka 30, mkanda unagugumia, na mtoto akikimbia anatoka mistari kama meno ya kitana. Mistari nimeiondoa, lakini ulaini wa mwendo umepotea. Umbo la mkanda la 4:3 (upana 4 kwa kimo 3) siligusi. Kuvuta picha ijaze skrini pana kunanenepesha watu.

Je, mkanda niugeuze fremu 50 na mradi wote uwe 50? Klipu zilizobaki nirekodi kwa 25 au 50?