Fundi anataka kunichomelea difu la nyuma la Hilux, nikubali au nitafute loka?

Mzigo wa Liwale

Habari za saa hizi wakuu. Nina Hilux ya zamani singo kebini, injini 3L dizeli, foo wili yake ni ile ya kuingiza kwa mkono. Nafanya nayo mizigo, napakia Masasi nashusha Nachingwea mpaka Liwale, kurudi nabeba chochote kitakachopatikana, ufuta, mbaazi, korosho msimu ukifika. Kiangazi haina shida kabisa. Tatizo ni masika, ile njia ya Liwale mnaijua wenyewe, ukishaingia kwenye ule udongo mweusi tairi moja la nyuma linazunguka linarusha tope hadi kwenye bodi na lile lingine limetulia tu linakuangalia, naingiza foo wili bado hola, mpaka waje vijana wa kijijini wasukume na wenyewe wameshajua bei yake.

Sasa fundi wangu hapa Masasi anasema tufungue difu la nyuma (lile boga la gia katikati ya ekseli) tuchomelee zile spaida, gia ndogo za ndani, matairi yote mawili yazunguke pamoja muda wote, anasema malori ya magogo wanafanya hivyo na hela yake ni kidogo sana. Jamaa mwingine ananiambia nitafute loka (kifaa cha kulifunga difu pale unapotaka tu) ya upepo, mwingine anasema kuna difu la mtumba lenye loki ya umeme. Mvua zinakuja na mimi nimechanganyikiwa, naombeni ushauri wa watu waliofanya kweli, siyo wa kusoma tu.

Kipara wa Mingoyo

Usichomelee mkuu. Nimemaliza.

Mzigo wa Liwale

Kwanini sasa kiongozi, fafanua basi.

Kipara wa Mingoyo

Kwenye lami ukikata kona tairi la nje linatakiwa litembee umbali mrefu kuliko la ndani, ndiyo kazi ya difu hiyo. Ukichomelea, moja lazima liburuzike. Una mzigo, lami ina joto, kona zile za kushuka Lindi, unakula tairi kama huna akili nzuri na siku moja hafu shafti, ile inayotoka difu kwenda tairini, inakatika. Ukiwa mtupu mvua inanyesha ndiyo mbaya zaidi, mkia unakuhama. Gari ya shambani isiyotoka kijijini sawa chomelea, gari ya kwenda Masasi kila wiki hapana.

Mdau wa Gesi

Mimi naona tatizo ni kwamba nguvu yote inaenda kwenye tairi linaloteleza, kwa hiyo la upande wa pili halipati kitu. Ndo difu za kawaida zilivyo.

Fundi Propela

Hapo mdau nakukatalia kidogo, wengi mnalisema hivyo ila sivyo linavyofanya kazi. Difu la kawaida linagawa nguvu ya kusokota SAWA kwa SAWA kulia na kushoto, saa zote. Shida ni kwamba tairi lililoko kwenye utelezi linahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, na kwa kuwa mgawo ni sawa basi na lile lililo pakavu linapata hiyohiyo kidogo, haitoshi kusukuma gari yenye tani moja mgongoni. Kinachokwenda upande mmoja ni mzunguko, siyo nguvu.

Ukishaelewa hilo utaelewa na ujanja huu ambao hauna gharama, kwa Hilux yenye hendibreki ya ngoma za nyuma: ukianza kuteleza usikanyage mafuta kama mwendawazimu, vuta hendibreki meno mawili matatu hivi huku unakwenda taratibu. Tairi linaloteleza linapata upinzani, difu linalazimika kupeleka kiasi hichohicho upande wa pili, na wakati mwingine gari inajitoa. Magari mapya ya Toyota yenye A-TRC (mfumo wa kuzuia tairi kuteleza) yanafanya kitu hichohicho, tofauti ni kwamba kompyuta inabana breki ya tairi moja kupitia ABS badala ya mkono wako. Lakini hii ni ya kujinasua, siyo ya kupanda nayo kilima kizima, utaunguza breki.

Na kabla hujatoa hata shilingi naomba unijibu: habu zako za mbele (zile za katikati ya tairi zinazoliunganisha na shafti) ni zile za kugeuza kwa mkono, zenye FREE na LOCK? Umewahi kuzipima?

Mzigo wa Liwale

Ndiyo ni za kugeuza. Kuzipima kivipi fundi? Mi nageuza tu naingiza foo wili kule ndani taa inawaka naondoka.

Fundi Propela

Taa inakuambia transfa (ile gia boksi ya foo wili) imeingia, haikuambii tairi la mbele linavuta. Paki sehemu tambarare, weka mawe matairi ya nyuma, nyanyua mbele yote kwa jeki uweke na stendi (siyo jeki peke yake tafadhali), gia nyutro ila lever ya foo wili iwe imeingia. Geuza habu zote LOCK. Zungusha tairi la kushoto kwa mkono umwambie mtu achungulie shafti yake kwa ndani, lazima shafti izunguke pamoja na tairi. Fanya na kulia. Njoo na majibu.

Binti Ruangwa

Nafuatilia, na mimi nina kirikuu cha kubebea maji na bia. Kirikuu changu ni Daihatsu Hijet foo wili, aliyeniuzia alisema ina difu loki, kuna swichi kwenye dashi. Nikibonyeza taa inapepesa tu haitulii, ni mbovu au?

Kipara wa Mingoyo

Dada baadhi ya Hijet za foo wili kweli zilikuja na loki ya nyuma kutoka kiwandani. Taa kupepesa siyo lazima iwe mbovu, mara nyingi ina maana imeagizwa ila meno bado hayajakutana. Tembeza taratibu sana kwenye mchanga au vumbi huku unayumbisha usukani kidogo kulia kushoto, ikishika taa inatulia. Usifanye kwenye lami. Ikikataa kabisa mwite fundi wa umeme kwanza kabla ya wa difu.

Binti Ruangwa

Asante kaka angu, ntajaribu kesho.

Mwanachuo VETA

Kwa faida ya wengine niongezee kidogo. Difu lenyewe ni la zamani, Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilipatia hati miliki 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Toka hapo watu wanahangaika na hilo tatizo la fundi hapo juu. Kuna LSD, yaani difu zinazopunguza kuteleza, zenye plati zinazobana, kuna Torsen ya Mmarekani Vernon Gleasman ya 1958 inayotumia gia za parafujo, hizi mnazo kwenye difu la kati la Prado 120. Torsen ni nzuri sana barabarani ila ina udhaifu mmoja, inazidisha nguvu ya upande wenye kushika kidogo, tairi likiwa hewani kabisa ni sifuri, na sifuri mara ngapi ni sifuri. Sasa hivi kuna magari ya umeme kama Rivian yenye mota kwa kila tairi, hamna haja ya difu kabisa.

Mdau wa Gesi

Hahaha dogo, mota nne nitachajia wapi pale katikati ya pori la Liwale. Endelea na shule.

Mzigo wa Liwale

Fundi Propela shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Kulia shafti inazunguka, KUSHOTO TAIRI LINAZUNGUKA SHAFTI IMELALA. Nimegeuza FREE LOCK mara kibao, wapi.

Fundi Propela

Marahaba. Basi muda wote huo ulikuwa huna foo wili. Difu la mbele nalo ni la kawaida, shafti ya kushoto ipo huru inazunguka bure, kwa hiyo na kulia hakupati kitu, ni yale yale ya mgawo sawa. Ulikuwa unavuta kwa nyuma tu, na nyuma nako tairi moja linateleza. Fungua ile habu, mara nyingi ni grisi imekauka na mchanga umeingia, au springi imekatika. Isafishe, paka grisi nyembamba, usiishindilie. Ikishindikana nunua mtumba, siyo spea ya kutisha. Usiguse difu la nyuma mpaka umepita pale kwenye tope lako na habu mbili nzima.

Mzigo wa Liwale

Dah. Na hela ya kusukumwa niliyotoa! Sawa, habu natengeneza, lakini bado nataka na loki ya nyuma, mzigo wangu wakati mwingine ni mkubwa na siwezi kuacha bidhaa za watu zilowane njiani. Kati ya upepo na umeme?

Fundi Propela

Loka ya upepo ya ARB ya Australia, wanaiuza toka 1987, ni nzuri. Inakaa ndani ya difu lako hilohilo, unawasha kompresa ndogo ya volti 12, upepo unasukuma gia inafunga pande zote mbili. Ukizima unakuwa na difu la kawaida, lami haina neno. Ubaya ni bei, na kale kampira na kabomba ka upepo, vikivuja unabaki na difu la kawaida palepale ulipokwama. Na anayefunga lazima ajue kupima nafasi ya meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo ya difu), kwa hilo difu la inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18, inapimwa kwa saa ya daio, kile kipimo chenye mshale, siyo kwa kutikisa na mkono. Fundi asiye na hiyo saa mkimbie, difu litaanza kulia kabla hujafika Nanganga.

Loki ya umeme ya Toyota yenyewe ni imara, kamota kanasukuma uma ndani. Ila watu wengi wanauziwa tumbo la difu peke yake halafu wanagundua haliingii kwenye ekseli yao bila kukata na kutoboa upya. Kama unaenda njia hiyo nunua ekseli nzima, na upime upana wake na breki zake kama vinaendana na gari yako.

Kipara wa Mingoyo

Na RESHIO fundi, uwiano wa meno ya difu, hilo ndo linaua watu.

Fundi Propela

Hapo umenena. Krauni meno 41 kwa pinioni meno 10 ni 4.1, 43 kwa 11 ni 3.9, 41 kwa 9 ni 4.55. Mbele na nyuma lazima zilingane. Ukifunga nyuma 3.9 na mbele una 4.1, siku ukiingiza foo wili ekseli mbili zinavutana zenyewe kwa zenyewe, pa kushika vizuri transfa ndiyo inalipa. Kupima bila kufungua: nyanyua tairi moja tu la nyuma, lingine likae chini limezuiwa kwa mawe, hendibreki chini, nyutro. Piga alama ya chaki kwenye propela, ile shafti ndefu inayoingia kwenye difu. Zungusha tairi MARA MBILI kamili huku unahesabu propela. Ikizunguka nne na kidogo sana ni 4.1, nne na nusu ndiyo 4.55, karibu nne isiyofika ni 3.9. Mbele fanya hivyohivyo, habu zikiwa LOCK zote na lever ya foo wili imetoka.

Binti Ruangwa

Fundi kuna mtu aliniambia oil ya difu ya kirikuu nisibadilishe mpaka ilie. Kweli?

Fundi Propela

Mwongo huyo. Pinioni na krauni za hivi zinasuguana kwa kuteleza siyo kubingirika tu, zinataka oil yenye dawa ya mgandamizo, GL-5, 80W-90 inatosha kwa joto letu. Yenye LSD inataka oil yake maalum. Na nyie mnaovuka mito: difu likiwa la moto ukaliingiza kwenye maji linapoa ghafla linanyonya maji kupitia sili na kale ka kupumulia juu ya ekseli. Ukiona oil imekuwa nyeupe kama maziwa badili siku hiyohiyo. Dawa yake ni mpira mrefu, funga kwenye kupumulia upandishe mpaka juu nyuma ya kebini.

Mzigo wa Liwale

Wakuu asanteni. Habu imefunguka, springi ilikuwa imeisha, nimepata ya mtumba hapa Masasi. Jana nimepita sehemu ileile baada ya mvua ya usiku, imevuta. Imeteleza teleza ila imevuta. Kuchomelea nimeshaghairi. Kuna ekseli nzima ya loki ya umeme Dar nimetumiwa picha, nikienda kuiona niangalie nini zaidi ya reshio?

Fundi Propela

Mwambie muuzaji afungue nati ya kumwagia oil mbele yako. Ikiwa na sumaku iangalie, unga mweusi laini ni kawaida, ukiona vipande vinavyong'aa rudi nyumbani. Halafu beba waya na betri ndogo, hakikisha ile mota inasukuma na inarudi. Na usisahau kuchukua waya zake na swichi, hivyo vikibaki Dar utavitafuta masika nzima.