Mama goti limesagika, ameambiwa afanye mazoezi ndani ya maji. Naombeni ushauri

Binti wa Chumbageni
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 64, tupo Tanga. Magoti yanamsumbua mwaka wa tatu huu, la kulia ndiyo zaidi. Picha imeonyesha gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa isisagane, limelika. Ngazi anashuka kinyumenyume ameshika ukuta, na swala anasalia kwenye kiti. Vidonge vya maumivu vimeanza kumchoma tumbo. Juzi mtaalamu wa fiziotherapia kamwambia afanye mazoezi ndani ya maji. Mama hajui kuogelea, na ananiuliza, "Mwanangu, goti bovu ulipeleke baharini likafanye nini?" Nilikosa jibu. Inasaidia kweli?

Fizio wa Zamu
Pole kwa mama, dada. Hii ndiyo kazi yangu. Kuogelea hahitaji, nyayo zinabaki chini. Maji yakimfika kiunoni, magoti yanabeba karibu nusu tu ya uzito wake. Yakimfika kifuani ni theluthi au pungufu. Kwa hiyo anaweza kutembea, kuinua goti, hata kuchuchumaa kidogo, mambo ambayo nchi kavu yanamliza. Na maji yenyewe yanamkinza: akiharakisha yanakuwa mazito, akipunguza yanalegea. Tunachotafuta ni msuli wa mbele wa paja upate nguvu, maana ndio unaolishikilia goti.

Kuhusu baridi: mabwawa ya tiba huwa nyuzi 33 hadi 35, bahari haifiki huko. Aende jua likiwa limeshapanda, na miezi ya kaskazi ni bora kuliko kipupwe. Mwenye kidonda kibichi, homa, kifafa au moyo usiotulia asiingie. Kama ana presha, aulize kwanza kwa daktari wake.

Mzee wa Ngalawa
Binti yangu, tazama maji kabla ya kumtoa mama nyumbani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yanakupwa mbali sana, kisha yanarudi kwa kasi. Nendeni maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kina hakibadiliki haraka. Avae raba, chini kuna mawe na miiba. Na asiachwe peke yake hata kama maji ni ya kiuno.

Mama Wawili
Mimi nina goti kama la mama. Siku ya kwanza nilikaa dakika 45 kwa sababu majini sikusikia maumivu kabisa. Usiku goti likavimba kama nazi! Tafadhali aanze na dakika kumi au kumi na tano, mara mbili au tatu kwa wiki, hata akisema anajisikia vizuri. Mimi nilianza kuona nafuu wiki ya sita.

Binti wa Chumbageni
Mungu awabariki nyote. Leo tumeenda Raskazone. Alinibana mkono mpaka kucha zikaacha alama, lakini maji yalipomfika kifuani akaniachia mwenyewe. Tukatembea kwenda na kurudi dakika kumi na mbili. Wakati wa kutoka, maji yakiwa magotini, akasimama ghafla: "Uzito umerudi." Miaka mitatu nilikuwa sijamwona akitembea bila kushika kitu. Nimeandika hapa machozi yakinilenga. Sasa hivi ananiuliza keshokutwa maji yanajaa saa ngapi.