Tupeane uzoefu: taa ya mezani ya bei nafuu kwa sisi wenye meza ndogo (Mombasa)

Mwandishi wa Mtopanga

Wenzangu, salamu. Nakaa bedsita huku Mtopanga, na meza yangu imebanwa kati ya kitanda na jiko la gesi. Inatosha laptopu, daftari na kikombe, basi. Kazi zangu ni za kuandika na wateja wengi wako Marekani, kwa hivyo zinaingia usiku. Na jua letu mnalijua, iwe masika iwe kaskazi, kabla ya saa moja limeshazama. Taa ya dari iko nyuma ya mgongo wangu. Nikiinamia daftari, naandika ndani ya kivuli changu mwenyewe.

Bajeti haizidi elfu moja na mia tano. Nimezunguka maduka ya Barabara ya Digo na vibanda vya Mwembe Tayari, na kila muuzaji ana wimbo wake. Huyu "hii ina mwanga mkali", yule "hii yachaji". Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani. Wanaozitumia ndio ninaotaka kuwasikia: ulichukua ya aina gani, kwa kazi gani, na imekaa vipi?

Mwanafunzi wa Tudor

Mimi niko hosteli, tuko wanne chumbani, vitanda vya ghorofa. Yangu ni ya kibanio, shingo ya kupinda, kichwa kirefu chembamba, inatumia waya wa USB. Nilitoa mia saba Mwembe Tayari, jamaa alianzia elfu moja na mia mbili. Naibana kwenye chuma cha kitanda, naishusha hadi karibu na kitabu, wenzangu wanalala.

Uzuri wake haina kitako, kwa hivyo meza haipotezi nafasi hata kidogo. Ubaya ni kwamba kibanio hakishiki ubao mnene, na kwenye meza ya plastiki kinateleza. Changu nimekitia kipande cha tyubu ya baiskeli katikati, sasa hakichezi.

Mshona Kofia, Kibokoni

Naona wengi mwaulizana mwanga mkali, mwanga mkali. Nami ntasema la kwangu.

Mimi nashona kofia za viua. Nguo nyeupe, uzi mweupe, na kiua chenyewe ni kitundu kidogo unachokizungushia uzi mpaka kisimame. Nyumba yetu ni ya kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, na dirisha laangalia ukuta wa jirani. Taa kwangu yawaka hata saa tano ya mchana.

Sasa, mwanga mkali ukiupiga kutoka juu, nguo nyeupe yote huwa sawasawa. Yang'aa, macho yauma, na kiua hukioni. Mimi taa naiweka chini, ubavuni, mkono wa kushoto, mwanga upite juu ya nguo kwa mlalo. Hapo kila kitundu chatoa kivuli chake, na kila uzi uliolegea wajionyesha wenyewe. Na taa ni ya wati tano tu! Mwanangu aliniletea ile ya mduara wanayopigia picha, nikamrudishia siku ile ile. Ile haitupi kivuli, na mimi kivuli ndicho ninachokitafuta.

Kwa hivyo ukenda dukani angalia shingo kwanza. Ipinde mpaka kichwa kikaribie meza, uiachie. Ikijipandia yenyewe, mrudishie mwenyewe. Kisha iinue juu kabisa, uiachie tena, usubiri kidogo. Ikianza kuinama nayo si taa, maana hiyo ni mpya, je ikishapindwa mwaka mzima?

Na sisi tulio karibu na bahari tuna balaa la chumvi. Zile za mkono wa springi zapendeza, lakini springi tupu isiyopakwa rangi haichelewi kuota kutu, na maungio yakaza. Mimi nazipaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa, mara moja moja.

Fundi wa Mabuibui

Shikamoo mama wa kofia. Mimi ni kinyume chako kabisa. Kitambaa cheusi, uzi mweusi: mwanga wote unamezwa. Hizi taa nyembamba za USB kwangu hazifui dafu. Natumia taa ya chuma yenye holda ya balbu, nikaitia LED ya wati 9. Inatoa lumeni kama 800, ndio mwanga wa ile balbu ya zamani ya wati 60, ila ile ya zamani karibu umeme wote iliugeuza joto. Hebu fikiria joto la Machi la Mombasa, feni haifai kitu, halafu na balbu ya moto hapo karibu na sikio.

Faida ya holda ni kwamba balbu ikifa unabadilisha balbu tu. Hizi nyingine LED imegandishwa humo humo. Ikifa, taa nzima ni ya kutupa. Lakini kabla hujanunua balbu angalia holda, ni ya pini au ya skurubu. Madukani zote mbili zipo.

Halafu suala la rangi. Chini ya mwanga wa njano, uzi wa buluu iliyoiva na mweusi ni ndugu pacha. Kwenye boksi tafuta herufi Ra au CRI. Ikiwa 80 ni ya kawaida, 90 na kuendelea rangi zinasema kweli zaidi. Za bei rahisi nyingi hazijaandikwa chochote, na hilo nalo ni jibu. Mimi kuoanisha nyuzi nafanya mchana mlangoni, sitegemei taa yoyote.

Mwandishi wa Mtopanga

Asanteni. Yaani hapa ndipo naona kwa nini wauzaji walinichanganya. Swali kwa wanaojua umeme: hizi za kuchaji zimeandikwa "masaa 8". Ni kweli? Maana huku kwetu stima zikipotea, zinapotea.

Fundi wa Waya, Changamwe

Masaa manane labda ikiwa kwenye mwanga ule wa chini kabisa, wa kutafutia viatu. Piga hesabu mwenyewe. Betri ya milliamp-saa 1200 (soma ubavuni mwa boksi, imeandikwa mAh) ukizidisha kwa volti 3.7 unapata kama wati-saa nne na nusu. Taa ikivuta wati tano, hiyo haifiki saa moja. Hapo tumekubali kwamba namba ya kwenye boksi ni ya kweli, jambo ambalo mimi silikubali kirahisi.

Ushauri wangu: kama tayari una powerbank, usinunue taa ya kuchaji. Nunua ya USB isiyo na betri. Powerbank ya milliamp-saa 10,000 ina kama wati-saa 37, nyingine zinapotea njiani kwenye kupandisha volti, lakini taa ya wati tano utaitumia saa nne na zaidi. Ukitaka lazima ya kuchaji, chukua yenye skurubu chini, si iliyogundishwa. Ndani mara nyingi kuna betri ndefu ya mviringo, aina ya 18650, na hiyo fundi yeyote wa redio atakubadilishia. Na usiiache kwenye chaja kutwa kucha. Betri za lithiamu na joto letu hazipatani.

Tokeni zisikutie wasiwasi. Wati tano kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima, haifiki hata yuniti moja. Anayekumalizia tokeni ni mwingine humo chumbani.

Kitu ambacho watu hawakijaribu dukani: washa taa, fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye taa kwa karibu. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye skrini, mwanga huo unacheza, ingawa kwa macho umetulia. Stima yetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko mwanga hushuka mara mbili, kwa hivyo taa yenye saketi duni inapepesa mara 100 kwa sekunde. Wengine hawahisi kitu, wengine kichwa kinawauma usiku wote wakidhani ni kazi.

Mtu wa Mtumba

Mwataka mpya za nini? Mimi yangu nimeitoa Kongowea kwenye mtumba, shilingi mia nne. Chuma kitupu, kitako kizito, mkono unakunjika mara mbili, huko ilikotoka nadhani ilikuwa ya mchora ramani. Feni ikiwa namba tatu hizo zenu za plastiki zinaanguka, hii haitikisiki. Plagi yake ni ya pini mbili za duara, lakini inaingia tu, unachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu.

Fundi wa Waya, Changamwe

Hiyo kalamu iache leo! Yale matundu mawili ya chini yamewekewa kizuizi kwa makusudi, kinachofunguliwa na pini ya juu ya plagi, ili usiingize kitu kisichostahili. Pini za duara hazikai imara kwenye soketi yetu, zinacheza, zinatoa cheche, soketi inaungua. Na plagi hiyo haina fyuzi. Kata, weka plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3.

Na kwa vile taa ni ya chuma, angalia waya una nyuzi ngapi. Ikiwa tatu, ule wa kijani na njano ufungwe kwenye pini kubwa. Ikiwa mbili, chungulia alama ya mraba ndani ya mraba, yaani taa imekingwa mara mbili. Isipokuwapo, usiishike taa hiyo na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Halafu soma kibandiko. Ya Ulaya ni volti 230, hapa kwetu 240, haina neno. Ya Marekani ni 120. Yenye balbu ukiichomeka hapa utasikia "pap" na kwaheri. Ikiwa ina adapta iliyoandikwa 100–240, hiyo ni ya dunia nzima.

Mtu wa Mtumba

Sawa fundi, kalamu nimeirudisha kwenye daftari 😂 Ila taa siuzi.

Mama wa Likoni

Mimi meza si ya kazi, ni ya kulia chakula, na jioni ndiyo dawati la wanangu wawili. Tuliwachukulia taa moja ya kitako, kila siku ugomvi. Ikaja kuonekana mmoja ni wa mkono wa kushoto, na mwenzake wa kulia. Taa ikikaa kushoto, wa kulia yuaona, wa kushoto mkono wake wamfunika maandishi. Nikawatenganisha, mmoja kichwa hiki cha meza na mwingine kile, waangaliane, taa katikati ya ubavu wa meza, kila mtu mwanga wamjia kwa upande usio wa kalamu. Sikununua ya pili.

Na mvua zikianza, wadudu! Kumbikumbi waja wote kwenye mwanga mweupe. Tukiwasha balbu ya njano hupungua. Hawaishi, lakini hupungua.

Fundi Simu

Kwa kazi za bodi, chukua ya mduara yenye lenzi katikati, 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikiwa ndogo ni njano, ikipanda ni nyeupe). Mama wa Kibokoni anatafuta kivuli, mimi nakikimbia, kivuli kikiangukia kwenye saketi nimeharibu simu ya mtu. Kwa kazi ya kuandika usiinunue, itakuchosha macho.

Mwandishi wa Mtopanga

Basi kwa laptopu na daftari, nyeupe au njano? Na niiweke wapi?

Fundi wa Waya, Changamwe

4000K, katikati. 6500K ni nyeupe ya dukani, usiku wa manane inakuamsha wakati unataka kulala. 3000K ni ya kupumzikia. Ukipata yenye rangi tatu za kubadilisha, hizo siku hizi zimejaa na bei haiongezeki sana, umemaliza.

Kuiweka: ubavuni mwa laptopu, si nyuma yako wala mbele ya uso. Kichwa kiwe chini ya usawa wa macho yako, usizione LED zenyewe, uone tu kinachoangaziwa. Ukiona taa kwenye skrini, igeuze mpaka ipotee. Halafu usiipandishe juu ukidhani utapata mwanga mpana. Kwa kichwa kidogo, umbali ukiwa maradufu mwanga unabaki robo. Pakua programu ya kupima mwanga, weka simu juu ya daftari. Sio kipimo cha maabara, lakini kiwango cha ofisi ni laksi 500, na nimeziona taa za shilingi mia sita zikizifikisha kwa umbali wa kama sentimita 40. Ipandishe hadi 80, hiyo hiyo inakuwa taa ya usiku.

Fundi wa Mabuibui

Kwa meza hiyo uliyoieleza mimi naona ya kibanio kama ya mwanafunzi. Kitako kitakula nafasi ya daftari.

Mshona Kofia, Kibokoni

Ya kibanio, naam. Lakini shingo uipinde kwanza, usitie haya mbele ya muuzaji.

Mwanafunzi wa Tudor

Nami niongeze moja. Ukienda Mwembe Tayari beba powerbank yako uijaribu nayo pale pale. Powerbank nyingine zikiona taa inavuta umeme mdogo sana, hasa ukiipunguza mwanga, zinadhani hakuna kitu kimechomekwa, zinajizima baada ya nusu dakika. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo na taa haikuwa na kosa. Na ukifika nenda vibanda viwili vitatu kabla hujataja bei. Jioni wakikaribia kufunga ndio wanashuka.